Demaltipleksa Isiyotii: Kutoka Dalili Hadi Sababu

Kila Ramadhani inapokaribia, meza yangu ya kazi hapa Chake Chake hujaa saa za misikiti, zile kubwa za kutundika ukutani zinazoonesha saa ya sasa juu na nyakati za sala tano chini yake. Kila msikiti hutaka yake iwe sahihi kabla ya mwezi kuandama, na hilo si jambo dogo, kwani watu wazima na watoto watafuturu kwa kuitizama. Ndani ya nyingi kati ya saa hizo, kinachoamua tarakimu ipi iwake na ipi isubiri zamu yake ni chipu ndogo ya pini 16 iitwayo demaltipleksa. Mara nyingi fundi aliyetangulia huwa ameshaandika hukumu yake kwenye kipande cha plasta na kukibandika juu ya kasha: chipu imekufa.

Katika saa nyingi nilizozifungua, chipu ilikuwa hai. Kilichokosekana kilikuwa ruhusa, au anwani sahihi, au umeme safi, na mambo yote matatu hupimika kwa multimita ya kawaida kabla ya kuwasha chuma cha kulehemu. Kwa hiyo nitaanza na dalili unayoiona, kisha nirudi nyuma hadi kwenye sababu, kwa sababu ndivyo tatizo linavyomfikia fundi: halimfikii kama mchoro, humfikia kama taa isiyowaka.

Inavyofanya kazi ikiwa nzima

Aliyewahi kufika kwenye mashamba ya mpunga ya umwagiliaji kule Cheju, Unguja, ameona maji ya mfereji mkuu yakigawanywa kwenye mifereji midogo kwa milango. Tuseme mwenye zamu ameamriwa afungue mlango mmoja tu kwa wakati mmoja. Maji ndiyo taarifa, namba ya mlango aliyotajiwa ndiyo anwani, na idhini ya kuanza kazi ndiyo ruhusa. Demaltipleksa ni hivyo hivyo: ina njia moja ya kuingilia, milango mingi ya kutokea, na biti chache za anwani, kila biti ikiwa sifuri au moja, zinazochagua mlango mmoja. Biti moja huchagua kati ya milango 2, biti mbili kati ya 4, biti tatu kati ya 8, na biti nne kati ya 16.

Ndani yake hakuna siri. Kila mlango una geti lake, yaani saketi ndogo inayotoa jibu masharti yake yakitimia, na kila geti hupokea taarifa pamoja na biti za anwani, nyengine zikiwa zimegeuzwa. Katika demaltipleksa ndogo kabisa, ya milango miwili, mlango wa 0 hutoa moja pale tu taarifa inapokuwa moja na anwani sifuri, na mlango wa 1 hutoa moja pale taarifa inapokuwa moja na anwani nayo moja. Jambo la kushika hapa ni kwamba chipu hii haina kumbukumbu yoyote. Anwani iliyopo sasa hivi ndiyo inayoamua sasa hivi, hata kama anwani hiyo imepita kwa bahati mbaya na kudumu nanosekunde chache tu. Tutalirudia hili mbele, kwa sababu ndilo linalozaa matatizo magumu zaidi kuyaona.

Nitatumia 74HC138 kama mfano wa kudumu, kwa kuwa ndiyo ninayoikuta mara nyingi zaidi. Anwani zake ni pini 1, 2 na 3, na pini 1 ndiyo biti ndogo kabisa, ninayoiita A0. Pini 4, 5 na 6 ni za ruhusa: mbili za mwanzo, E1 na E2, hutaka kuwa chini, yaani karibu na volti sifuri, na ya tatu, E3, hutaka kuwa juu, yaani karibu na volti za umeme wake. Graundi ni pini 8 na umeme ni pini 16. Milango ipo hivi: mlango wa 0 ni pini 15, kisha unashuka 14, 13, 12, 11, 10 na 9 hadi mlango wa 6, na mlango wa 7 umevuka upande wa pili hadi pini 7. Wengi huidhania pini 7 kuwa ni graundi au kuwa haitumiki, wakaiacha.

Chipu hiyo hiyo huitwa dikoda kwenye vitabu na kwenye maduka. Ukiziunganisha pini za ruhusa ili ruhusa iwepo daima, ni dikoda. Ukipitisha taarifa yako kwenye mojawapo ya pini za ruhusa, imekuwa demaltipleksa. Hakuna haja ya kutafuta chipu nyengine.

Kabla ya kulaumu chochote

Weka ncha nyeusi ya multimita kwenye pini 8 na nyekundu kwenye pini 16, juu ya miguu ya chipu yenyewe. Usipime kwenye tundu la ubao wa majaribio, wala kwenye waya unaoelekea huko. Hewa yetu ina chumvi, na vibanio vya ndani ya ubao vikikaa miaka miwili karibu na pwani hufanya kutu ambayo jicho halioni. Nimepima mara nyingi volti 5 kamili kwenye tundu na volti 3 na ushei kwenye mguu uliomo ndani ya tundu hilo hilo. Miguu ya chipu iliyogeuka rangi nyeusi isuguliwe taratibu kwa kifutio cha penseli, kisha ipanguswe kwa spiriti na iachwe ikauke.

Baada ya hapo hakikisha kuna kapasita ya nanofaradi 100, ile yenye namba 104 mgongoni, kati ya pini 16 na pini 8, ikiwa karibu na chipu kadiri inavyowezekana. Kapasita iliyo umbali wa kiganja haisaidii sana.

Kisha fanya kipimo kimoja ambacho hukata nusu ya safari. Tenganisha anwani zote tatu na kaunta (chipu ya kuhesabu) au maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) inayoziendesha, uziunganishe kwa mkono: zote kwenye graundi kwanza, kisha ubadilishe moja moja hadi upite hesabu zote nane, kutoka 000 hadi 111. E1 na E2 ziende graundi, E3 iende kwenye volti 5. Kwa kila anwani pima milango yote minane na uandike kwenye karatasi. Kazi hii huchukua dakika kumi. Ikiwa milango yote inatii, chipu ni nzima na kosa lipo kwa anayeiamuru, na ikiwa haitii, karatasi hiyo ndiyo itakayokueleza kwa nini.

Hakuna mlango unaofunguka

Katika 74HC138 mlango uliochaguliwa hushuka hadi sifuri, lakini hapa milango yote minane inasoma volti 5 na haibadiliki ukibadilisha anwani. Hii ni dalili ya kukosekana ruhusa, na ndiyo inayouza chipu nyingi zisizohitajika. Pini tatu za ruhusa lazima zikubaliane zote. E1 ikiwa chini na E2 ikiwa chini lakini E3 haikuunganishwa popote, chipu inaweza kukaa kimya siku nzima. Pima pini 4, 5 na 6 kila moja peke yake: mbili za mwanzo zisome karibu na sifuri, ya tatu isome karibu na volti 5. Chochote kilicho katikati, kama volti 1.5 au 2, maana yake mara nyingi ni kwamba pini hiyo inaelea, yaani haikuunganishwa na kitu.

Kwenye michoro, pini inayotaka kuwa chini huwekewa mstari juu ya jina lake au kiduara kidogo kwenye mwili wa chipu. Wanafunzi wangu hukiona kiduara hicho kama pambo, na mimi huwaomba wakipake rangi nyekundu kwenye kila mchoro kabla ya kuunganisha waya hata mmoja.

Sababu ya pili ni ya mpango, wala si ya waya. Saa yenye taa tano za sala hutumia milango ya 0 hadi 4 tu. Ikiwa kaunta haikurejeshwa sifuri baada ya 4, itaendelea hadi 5, 6 na 7, milango isiyo na taa, na mtizamaji ataona taa zote zimezimika kwa muda kisha zikarudi. Chipu imetii kikamilifu. Ameamriwa mwenye zamu afungue milango ambayo shamba halinayo.

Taa zote zinawaka isipokuwa moja

Hili si kosa la chipu. Milango ya 74HC138 hufanya kazi kinyume na matarajio ya mwanzoni: mlango uliochaguliwa hushuka hadi sifuri, na mingine saba hubaki juu. Ukifunga taa ya LED kutoka mlangoni kuelekea graundi, zitawaka saba na kuzima moja. Igeuze: mguu mrefu wa LED uende kwenye volti 5 kupitia rezista ya omu 1,000, na mguu mfupi uende mlangoni. Hapo mkondo utakuwa takriban miliampea 3, kiasi ambacho chipu hii inakibeba bila taabu. Ikiwa mzunguko wako unahitaji kweli milango inayopanda juu ikichaguliwa, nunua 74HC238, ambayo mpangilio wa pini zake ni ule ule na tofauti yake ni hiyo moja tu.

Jamaa wa dalili hii ni taarifa inayotoka imegeuka, moja ikiwa sifuri na sifuri ikiwa moja. Uliza taarifa imeingizwa kupitia pini ipi. Ikipita E1 au E2, mlango uliochaguliwa utaifuata kama ilivyo: ikiingia chini hutoka chini, ikiingia juu hutoka juu. Ikipita E3 itatoka imegeuzwa. Hamisha waya mmoja, na usisahau kuipeleka E3 kwenye volti 5 baada ya kuhamisha.

Unafunguka mlango usio wake

Hapa ndipo ile karatasi ya hesabu nane inapolipa. Watu hubadilisha waya kwa kubahatisha, ilhali mpangilio wa makosa wenyewe unataja waya ulioharibika, na kuusoma ni ujuzi ninaoupenda kuliko mwengine wowote katika kazi hii.

Anza na waya zilizobadilishana nafasi. Ikiwa milango ya 0, 2, 5 na 7 inafunguka sawa sawa, lakini ukiomba 1 unapata 4, ukiomba 4 unapata 1, na 3 na 6 nazo zimebadilishana, basi A0 na A2 zimepishana. Namba 000, 010, 101 na 111 husomeka vile vile kutoka kulia au kutoka kushoto, ndiyo maana hazikuathirika. Fundi anayejaribu mlango wa 0 na wa 7 peke yake huondoka akiamini kila kitu ni sawa. Ikiwa waliobadilishana ni 1 na 2, na 5 na 6, tatizo lipo kati ya A0 na A1. Ikiwa ni 2 na 4, na 3 na 5, tizama A1 na A2.

Biti iliyokwama huonekana kwa sura nyengine, kwani nusu ya milango haifunguki kabisa na nusu iliyobaki hufunguka mara mbili. A0 ikikwama chini utaona 0, 2, 4 na 6 tu. Ikikwama juu utaona 1, 3, 5 na 7 tu. A2 ikikwama chini, chipu itahesabu 0, 1, 2, 3 na kuanza tena, kana kwamba ina milango minne. Na ikiwa inafunguka milango ya 0, 3, 4 na 7 peke yake, shuku kwamba A0 na A1 zimegusana, mara nyingi kwa tone la risasi ya kulehemu lililomwagika kati ya pini 1 na pini 2. Chukua miwani ya kukuzia, elekeza tochi kwa ubavu, na utaliona linang'aa kama gamba la dagaa. Usiache mzunguko huo ukiwa na umeme kwa muda mrefu, maana vinavyoziendesha biti hizo mbili vinavutana, kimoja kikisema juu na chengine kikisema chini, na vyote vinachemka.

Kwa milango 16 watu huunganisha 74HC138 mbili. Biti ya nne ya anwani, A3, huenda kwenye E1 ya chipu ya kwanza na E3 ya chipu ya pili, ili moja ikipewa ruhusa nyengine inyimwe. Ukiona milango miwili inafunguka pamoja, mmoja katika kila chipu, A3 imepelekwa kwenye pini za aina moja katika chipu zote mbili.

Hubadilika ukisogeza mkono

Mwanafunzi mmoja wa skuli ya hapa mjini aliniletea ubao wake akisema mzunguko unamwogopa: akiukaribia taa zinabadilika, akiondoka zinatulia. Alikuwa ameona sawasawa, na sababu yake ni ya kawaida. Pini ya kuingilia ya chipu ya aina ya HC, kama 74HC138, ambayo haikuunganishwa popote haina kauli. Inaelea, na umeme kidogo wa mkononi mwako au wa nyaya za ukutani unatosha kuisukuma juu au chini. Chipu za zamani za aina ya LS zilikuwa na tabia nyengine, kwani pini iliyoachwa wazi husomeka kama iko juu, na michoro mingi ya zamani iliegemea tabia hiyo. Ukichukua mchoro wa LS ukaujenga kwa HC bila kuongeza kitu, umejenga mzunguko unaomwogopa mtu. Kila pini ya kuingilia isiyoendeshwa na kitu ipelekwe graundi au volti 5, na inayoendeshwa na swichi iwekewe rezista ya kilo-omu 10 ili iwe na mahali pa kurudi swichi inapoachiwa.

Dalili hiyo hiyo huja kwa njia nyengine tangu vijana walipoanza kutumia bodi za maikrokontrola za ESP32. Bodi hizo hutoa volti 3.3 pale zinaposema moja. Chipu ya HC inayolishwa volti 5 hutaka takriban volti 3.5 ndipo ihakikishe kwamba ni moja. Siku yenye baridi inafanya kazi, mchana wa jua inakataa, kwenye ubao huu inakubali, kwenye ule inakosea. Ama ilishe chipu kwa volti 3.3, jambo linaloruhusiwa kwa kuwa HC hukubali kuanzia volti 2 hadi 6, ama weka 74HCT138, ambayo huihesabu volti 2 na zaidi kuwa ni moja. Bodi ya Arduino Uno hutoa volti 5, na haina tatizo hili.

Mlango usioitwa hufunguka kwa kufumba na kufumbua

Kila kitu kinakwenda vizuri ukipima polepole, lakini kaunta iliyofungwa kwenye mlango wa 2 inahesabu zaidi ya inavyostahiki. Multimita haioni kitu. Rudi kwenye lile nililosema mwanzo kuhusu chipu isiyo na kumbukumbu.

Anwani inapotoka 3 kwenda 4, yaani kutoka 011 kwenda 100, biti zote tatu lazima zibadilike, na hazibadiliki kwa pamoja. Katika kaunta ambayo kila hatua husubiri iliyotangulia, kama 7493, safari halisi ni 011, kisha 010, kisha 000, ndipo 100. Kwa nanosekunde kadhaa mlango wa 2 uliitwa, kisha wa 0 ukaitwa, na demaltipleksa iliitikia yote mawili kwa utiifu. Taa ya LED na jicho havitambui, lakini kaunta na flipuflopu, saketi inayokumbuka biti moja, hutambua.

Osiloskopu, chombo kinachochora mabadiliko ya volti kwenye kioo, ingeonesha mara moja, lakini wengi wetu hatuna. Mtego wa bei ndogo hutengenezwa kwa mageti mawili ya 74HC00 yaliyofungwa kwa kupishana, tokeo la kila moja likiingia kwenye jengine. Njia iliyobaki ya geti la kwanza iunganishe na mlango unaoushuku. Njia iliyobaki ya geti la pili ipeleke volti 5 kwa rezista ya kilo-omu 10, na kitufe cha kuivuta graundi. Bonyeza kitufe ili taa iliyo kwenye geti la kwanza izimike, kisha endesha kaunta kati ya 3 na 4 tu. Kwa kuwa milango ya 74HC138 hushuka ikichaguliwa, na mtego huu hunaswa na kitu kinachoshuka, vinafaana bila ya kuongeza chochote. Taa ikiwaka na kubaki inawaka, mlango ulifunguka bila kuitwa. Isipowaka usikate shauri haraka, kwani kipigo chembamba mno huweza kuupita mtego.

Dawa yake ni kuondoa ruhusa kabla ya kubadilisha anwani: E1 ipande juu, anwani ibadilike na itulie, kisha E1 ishuke. Kaunta ambayo biti zake zote hubadilika kwa mpigo mmoja, kama 74HC163, hupunguza tatizo bila kulimaliza, kwa hiyo mimi huitumia na bado huiondoa ruhusa.

Chipu inachemka

Zima kwanza. Tizama kibonyeo cha kwenye kichwa cha chipu. Ikiwa imechomekwa kinyume, umeme unaingia kwenye graundi yake na graundi kwenye umeme wake, na ikipoa haitakuwa nzima. Ikiwa imekaa sawa, tenganisha milango mmoja mmoja hadi joto lishuke, na uliyoutenganisha mwisho ndio wenye mzigo mzito au uliogusana na kitu.

Milango isiyochaguliwa inabaki na mabaki ya taarifa

Hii huwapata wanaotumia 4051 badala ya 74HC138. Chipu ya 4051 ni swichi ya kweli, hupitisha hata mawimbi ya sauti, na kwa hiyo mlango usiochaguliwa hauwi juu wala chini, bali umekatika. Weka rezista ya kilo-omu 10 kutoka kila mlango kwenda graundi. Hakikisha pini 6, ambayo ikiwa juu hufunga milango yote, imepelekwa chini, na kwamba pini 7 haikuachwa hewani: kwa mawimbi yasiyoshuka chini ya sifuri, nayo huenda graundi. Kumbuka pia kwamba kwa volti 5 swichi yake ina ukinzani wa mamia ya omu, hivyo haifai kuwasha taa moja kwa moja.

Vivuli kwenye saa, na saa ya volti 12

Sasa nirudi kwenye saa za misikiti. Tarakimu zake haziwaki pamoja. Demaltipleksa huziwasha moja baada ya nyengine, kila moja kwa takriban milisekunde 2, na kwa tarakimu nane mzunguko mzima huchukua milisekunde 16, yaani zaidi ya mara 60 kwa sekunde, kasi ambayo jicho huiona kama mwanga usiokatika. Kivuli ni pale tarakimu inapoonesha kwa mwanga hafifu namba ya jirani yake: 1 iliyo pembeni ya 8 inaonekana na ukungu wa 8. Sababu ni kwamba vipande vya namba mpya, yaani vile vistari vya mwanga vinavyoiunda, viliwekwa wakati tarakimu ya zamani bado imo kwenye zamu. Mpangilio sahihi ni kuondoa ruhusa, kuweka vipande vya namba mpya, kubadilisha anwani, kisha kurudisha ruhusa. Kivuli kikibaki hata hivyo, transista zinazoziwasha tarakimu zinachelewa kuzima. Weka rezista ya kilo-omu 10 kati ya besi (mguu unaoiamuru transista) na emita (mguu wake wa upande wa umeme) ya kila transista, na usubiri mikrosekunde chache zaidi kabla ya kurudisha ruhusa.

Mwaka mmoja ililetwa saa kutoka kijiji kimoja upande wa Wete ambayo tarakimu zake zote zilionesha 8 zilizovurugika, hakuna hata moja iliyosomeka. Chipu ilikuwa imebadilishwa mara tatu, na zote tatu zilikuwa zimewekwa ndani ya bahasha pamoja na saa. Nilizipima na kukuta mbili zimekufa kweli. Hapa aliyeandika hukumu alikuwa na haki kuhusu kifo, lakini muuaji alikuwa bado yumo ndani ya kasha.

Saa hiyo ilitengenezwa kwa tarakimu ndogo za volti 5. Mzee mmoja wa msikiti aliona safu za nyuma hawazioni, wakanunua tarakimu kubwa, na fundi akazifunga mahali pa zile za mwanzo. Tarakimu kubwa huwa na taa kadhaa zilizofuatana ndani ya kila kipande. Taa nyekundu nne, kila moja ikitaka takriban volti 2, ni volti 8 tayari, na volti 5 haziziwashi. Basi akazipa volti 12. Transista za PNP zilizokuwa zikiwasha tarakimu zilibaki pale pale, emita zao sasa zikiwa kwenye volti 12 na besi zikiongozwa na milango ya 74HC138.

Hesabu ndogo inatosha kuonesha maafa. Mlango usiochaguliwa hupanda juu, lakini juu yake ni volti 5. Kati ya emita yenye volti 12 na mlango wenye volti 5 kuna tofauti ya volti 7, na transista ya PNP huzimika pale tu tofauti hiyo inapokaribia kutoweka. Kwa hiyo hakuna hata moja iliyozima. Tarakimu zote ziliwaka wakati wote, zikipokea vipande vya kila namba, na ndiyo maana zilionesha 8. Zaidi ya hilo, mkondo ulirudi kinyumenyume kupitia besi hadi ndani ya chipu na kuupandisha waya wa volti 5. Nilipoupima nilikuta volti 6 na zaidi, kwa sababu kidhibiti cha volti 5 cha aina ya 7805 hutoa mkondo lakini hakiwezi kuupokea. Chipu za aina ya HC hazitakiwi kuvuka volti 7 kwa hali yoyote.

Niliiondoa 74HC138 nikaweka 74HC238 kwenye soketi ile ile. Kila mlango ukapata transista ya NPN, BC547, kupitia rezista ya kilo-omu 4.7, na kolekta ya kila BC547, mguu wake wa tatu, ikavuta besi ya PNP kupitia rezista ya omu 1,000. Kati ya besi na emita ya PNP niliongeza rezista ya kilo-omu 10, ili BC547 ikizimika besi ipande hadi volti 12 na tarakimu izimike kabisa. Vipande vilikuwa vimeshafungwa kwa ULN2803, chipu ya kuendeshea taa, ambayo inavumilia volti 12, kwa hivyo upande huo sikuugusa.

Nilipoiwasha, waya wa volti 5 ulisoma volti 5. Niliiacha ikitembea usiku kucha mezani, na baada ya sala ya Alfajiri nikaweka kidole juu ya chipu na juu ya kila transista: zote zilikuwa baridi, na saa za safu ya juu zilisomeka kutoka mlangoni.